Natoa kwa maskini lakini sioni furaha: je, niache kwanza?

Swali: "Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, mama wa watoto wawili. Natoa fungu la kumi, nina ahadi ya jengo la kanisa, namsomesha mdogo wangu chuoni, na kila mwezi natuma shilingi 20,000 kwa simu kwenye kituo kimoja cha watoto yatima. Juu ya hayo haipiti wiki bila mtu kubisha hodi na shida yake. Mwezi Januari nilimnunulia mtoto wa jirani sare na madaftari. Wiki mbili baadaye nikamwona mama yake kasuka rasta mpya, roho ikaniuma, na inaniuma mpaka leo. Nimesoma kwamba Mungu humpenda atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Moyo huo mimi sina. Natoa huku nanung'unika, na nikishatoa nahesabu. Je, niache kutoa hadi moyo wangu ukae sawa? Au hii furaha inayohubiriwa ni ya watu wenye fedha?"

Jibu:

Asifiwe, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilicheka kidogo, uniwie radhi, nilipofika kwenye rasta. Nitazirudia hizo rasta, maana nadhani ndizo swali lako lenyewe.

Nianze na mstari uliokutesa. 2 Wakorintho 9:7 husomwa kwetu kwenye saa mbaya kuliko zote, kapu likiwa tayari linapita na kwaya imeshasimama, tena hukaziwa nusu ya mwisho tu. Dawa iko kwenye nusu ya kwanza: "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala kwa lazima." Paulo hazungumzii anavyojisikia mtu. Anazungumzia alichokusudia. Na kukusudia ni kukaa chini, kupiga hesabu na kuamua, jambo ambalo mtu anaweza kulifanya akiwa amechoka, akiwa na mafua, hata akiwa amenuniana na mumewe.

Neno la Kigiriki alilolitumia, hilaros, ni la uso uliochangamka. Zaburi ya 104 inataja mafuta yanayong'arisha uso wa mtu, na katika tafsiri ya kale ya Kigiriki neno lililotumika pale ni la ukoo huohuo. Waliotutafsiria Biblia wakaweka "ukunjufu", na kwa maoni yangu walipatia sana. Ukunjufu unatoka katika kukunjua. Uso hukunjwa, ngumi hukunjwa, mkeka hukunjwa. Kumbukumbu la Torati 15 linamwonya Mwisraeli asimfumbie mkono ndugu yake maskini, kisha linamtaja mtu anayepiga hesabu kimoyomoyo: mwaka wa saba unakaribia, madeni yatafutwa, nikimkopesha huyu sasa imekula kwangu. Kwa hiyo unapohesabu baada ya kutoa, hujaugua ugonjwa mpya. Torati iliujua na kuuandikia, miaka mingi kabla ya mishahara ya walimu.

Sasa, je, furaha hii ni ya wenye fedha? Tazama Paulo alikuwa akimwandikia nani. Wakorintho walikaa kwenye mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekaio upande mmoja na Kenkrea upande wa pili. Walikuwa wameahidi tangu mwaka uliotangulia kuchangia maskini wa kanisa la Yerusalemu, kisha mchango ukalala. Nadhani umewahi kuona daftari la ahadi la namna hiyo. Paulo hakuwaletea mfano wa tajiri wa Rumi ili kuwaamsha. Aliwataja watu wa Makedonia, yaani makanisa ya kina Filipi na Thesalonike, waliokuwa katika dhiki nyingi, na anasema kwamba wingi wa furaha yao pamoja na umaskini wao uliokuwa mwingi ndivyo vilivyozaa ukarimu. Furaha na umaskini vimetajwa kwa pumzi moja. Tena anasema watu hao ndio waliombembeleza yeye awaruhusu kushiriki! Mimi nimekuwa mchungaji miaka mingi na bado sijabembelezwa na mtu nipokee mchango wake, kwa hiyo habari hiyo, iliyo katika sura ya 8 ya waraka huohuo, huwa naisoma kwa wivu. Wazee wetu walikwisha kusema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kwa hiyo usiache kutoa ukingoja moyo. Yesu katika Mathayo 6:21 alianza na hazina, moyo ukafuata: hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako. Wengi tunaigeuza, tunadhani moyo uende kwanza na fedha ziufuate. Lakini kuna vitu ningependa uvipange upya, maana nikisoma orodha yako naona, ukiacha fungu la kumi, umefunga mizigo minne tofauti kwenye kanga moja, halafu unashangaa shingo inauma.

Ada ya mdogo wako ni wajibu wa damu. 1 Timotheo 5:8 ni kali sana juu ya mtu asiyewatunza walio wake, na Yesu alifoka aliposikia watu wakiwanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio cha Korbani, kwamba mali imeshawekwa wakfu kwa Mungu. Lipa ada hiyo, uiite kwa jina lake, wala usijilaumu kwamba hukupata raha ya kiroho ulipokuwa benki. Nani alipata raha siku ya kulipa ada?

Ahadi ya jengo nayo ni kitu kizuri. Mvua ikinyesha wote tunataka bati. Lakini mifuko ya saruji siyo maskini, na tusipotenganisha hayo mawili, maskini ndiye anayeumia. Katika Torati zaka ya kila mwaka wa tatu ilibaki malangoni mwa mji kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba. (Wazee wa baraza wakinisoma hapa watanitafuta. Wanajua ninapopatikana.) Kanisa likikudai hadi ukakosa cha kumpa jirani mwenye njaa, unayo haki ya kwenda kwa mchungaji wako na kumwomba muda zaidi wa kumaliza ahadi yako. Hakuna dhambi hapo.

Ukishaondoa hayo mawili, wanabaki watoto wa kituoni na wanaobisha hodi. Hawa ndio maskini wa orodha yako, nao wanakukuta mwishoni, umeshakamuliwa na kila mtu. Anayebisha hodi jioni hakukuti umekusudia chochote. Anakuvamia. Unampa kwa sababu amesimama mlangoni na watoto wanaangalia. Hiyo ndiyo "lazima" ya Paulo, na kinachotoka kwenye lazima huwa ni manung'uniko, hata kwa mtakatifu.

Paulo aliwapa Wakorintho njia nyepesi katika waraka wa kwanza, 16:2: siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isifanyike papo kwa papo atakapofika. Alijua mchango wa kushtukizwa unavyoharibu watu. Wewe fanya hivi: siku mshahara unapoingia, kabla hujaenda sokoni, tenga kiasi cha maskini peke yake. Kiwe kidogo ambacho hutakirudia usiku ukiwa kitandani. Weka kwenye kopo au kwenye laini nyingine ya simu. Kuanzia dakika hiyo fedha hizo si zako, wewe ni mtunzaji tu. Mtu akibisha hodi, huulizi tena "nitoe au nisitoe?" Unatazama kopo. Likiwa na kitu, unampa bila kukunja uso, maana uchungu wa kuachana na fedha hizo uliumaliza tarehe ya mshahara. Likiwa tupu, unamwambia kwa upole kwamba mwezi huu limekwisha, unamkaribisha maji au chai, na unalala usingizi. Hata Paulo anasema katika 2 Wakorintho 8:12-13 kwamba nia ikiwapo mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, na kwamba hakusudii wengine wapate raha na ninyi mpate dhiki.

John Wesley, yule mwanzilishi wa Wamethodisti katika karne ya 18, alisimulia habari za kijana mmoja wa Oxford, ambaye wengi huamini alikuwa yeye mwenyewe. Kijana alipata paundi 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60, akaishi kwa 28 zilezile, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, wa nne 120, na bado aliishi kwa 28. Sikuambii ufanye hivyo ukiwa na watoto wawili, yeye hakuwa na hata mmoja. Ninachotaka uone ni kwamba aliamua mara moja tu, na baada ya hapo hakuwa na sababu ya kuhesabu tena.

Haya, rasta.

Ulimnunulia mtoto sare. Mtoto anavaa sare, anakwenda shule. Kwa hiyo ulichokikusudia kimetimia, na bado roho inauma. Kinauma nini basi? Naomba usikasirike nikisema kwamba pamoja na sare, bila kujua, ulinunua kitu kingine: ulinunua haki ya kukagua kichwa cha mama yake. Ulitaka aendelee kuonekana maskini ili zawadi yako iendelee kuonekana kubwa. Nakuambia hivi kwa sababu ni ugonjwa wangu pia, tena wachungaji tunaupata vibaya zaidi kwa kuwa tunatoa vya watu wengine. Huenda alisukwa bure na shoga yake. Huenda alilipa, baada ya miezi mingi ya kujifunga kitambaa kwa aibu. Umaskini haumwondolei mwanamke hamu ya kupendeza siku ya Jumapili.

Yohane Krisostomo, mhubiri wa kanisa la kale, alihubiri Antiokia mwishoni mwa karne ya 4 juu ya Lazaro na tajiri, na katika mahubiri hayo kuna mfano ambao wewe wa kando ya ziwa utauelewa haraka. Mtoa sadaka, anasema, ni bandari. Waliovunjikiwa na chombo wakifika bandarini, bandari haiulizi nani mwema na nani mbaya, inawapokea wote walio hatarini. Kwake yeye, kinachompa maskini haki ya kupokea ni uhitaji wake. Hakutaka watu wachunguze maisha ya maskini huyo kwanza.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, ina usemi kwamba sadaka yako na itoke jasho mikononi mwako mpaka umjue unayempa. Bandari isiyouliza, na mkono unaotoka jasho kwa kungoja. Nimeyaweka mawili haya kichwani muda mrefu na sikuyaona yanagombana mpaka nilipoyasoma kama mkaguzi wa hesabu. "Umjue unayempa" haina maana ya kufanya upelelezi tu. Ina maana pia ya kumjua mtu: jina lake, usingizi wake, anachoogopa. Ungemjua mama yule, ungejua nani alimsuka.

Na hapa ndipo nadhani furaha yako imejificha. Wesley alisema sababu kubwa ya matajiri kukosa huruma kwa maskini ni kwamba hawawatembelei, na hakupenda mtu atume msaada kwa mkono wa mwingine iwapo anaweza kwenda mwenyewe, kwa kuwa anayetuma anapoteza neema ambayo ingemfika yeye. Wanafunzi wa Paris walioanza na Frédéric Ozanam mwaka 1833 chama kilichokuja kuitwa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo walishika njia hiyohiyo, kwenda majumbani kwa miguu. Ndugu zetu Wakatoliki wanalo shirika hilo hapa Afrika Mashariki hadi leo, na sisi tunayo diakonia ya usharika, yaani huduma kwa wahitaji. Basili, aliyekuja kuwa askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 368 na 369 hakuishia kuhubiri maghala yafunguliwe. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo anasimulia kwamba alipanga masufuria ya mchuzi na kuwahudumia wenye njaa kwa mikono yake, tena wakoma aliwasalimu kwa busu. Sijui aliyekaa mbali angepata wapi furaha hiyo.

Nikuambie kisa changu. Nilipokuwa mchungaji kijana nilipelekwa na parish worker, yaani mtumishi wa usharika, kwa bibi mjane, mlimani. Tulibeba unga, mafuta na sabuni. Nilisema sala ndefu. Tulipoaga, bibi aliingia ndani akatoka na mayai matatu yamefungwa kwenye jani la mgomba, akanipa. Nikakataa. Nilijiona nina huruma: nitampokonyaje mjane mayai yake? Bibi akanyamaza, akayarudisha ndani, na hakutusindikiza. Njiani yule parish worker, mama mtu mzima, aliniambia: "Mchungaji, umemwambia yule bibi kwamba yeye ni wa kupewa tu." Nilirudi baada ya wiki, peke yangu, bila unga. Nikamwomba yale mayai. Alicheka sana, akakaanga mawili tukala kwa chumvi, na la tatu akaniwekea mfukoni. Nimetoa vitu vikubwa zaidi tangu siku hiyo, kwenye hafla na mbele ya kamera, lakini nikiulizwa furaha ya kutoa ikoje, mimi hukumbuka mafuta ya lile yai kwenye vidole.

Paulo ana neno kwa jambo hili, koinonia, ambalo katika 2 Wakorintho 8:4 limetafsiriwa "shirika", yaani kushirikiana. Halafu katika mstari wa 14 anasema wingi wenu uwafae upungufu wao, na wingi wao uwafae upungufu wenu, ili mambo yawe sawasawa. Yaani maskini naye ana wingi wake. Wewe umekuwa ukitoa tu, hujawahi kupokea, na mtu asiyepokea lazima atakauka. Ile 20,000 ya kituo unaituma kwa simu, unarudishiwa ujumbe wa muamala. Ujumbe wa muamala hauwezi kumchekesha mtu.

Juu ya kituo hicho nina neno jingine, la kawaida zaidi. Nenda ukakione. Uliza kimesajiliwa na nani, hesabu zinasomwa wapi, watoto wana ndugu gani. Watoto wengi wanaolelewa vituoni wana mzazi aliye hai au ndugu wa karibu aliyeshindwa mzigo, na pengine shilingi zako zingemsaidia bibi fulani kumlea mjukuu nyumbani kwake. Kuuliza si kukosa imani: Paulo mwenyewe hakubeba fedha za Yerusalemu peke yake, aliambatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa ili mtu yeyote asimlaumu. Wakikuficha, acha. Wakikufungulia milango, kaa na watoto uwafundishe kusoma, wewe ni mwalimu.

Kuna watakaokuambia suluhisho ni kutoa kwa imani zaidi, upande mbegu, urudishiwe mara mia. Watakusomea mstari wa 6 wa sura ileile ya 9, apandaye haba atavuna haba. Waombe waendelee kusoma hadi wa 11: mnatajirishwa ili muwe wakarimu, na mavuno yanayotajwa mwishoni ni shukrani kwa Mungu. Aliyetoa ili arudishiwe ataendelea kuhesabu maisha yake yote, na kuhesabu ndiko kulikokuleta kwangu.

Jambo la mwisho nalisema kwa haraka, kwa sababu sikufahamu uso kwa uso. Ikiwa ukavu huo haupo kwenye kutoa tu, ikiwa hata watoto wako, chakula na nyimbo unazozipenda havikuamshi tena, hilo si swali la sadaka. Mwone daktari, na umwombe mtu unayemwamini akusindikize.

Vinginevyo, mwezi ujao ukishatenga fungu la kopo, anza na mama wa rasta. Nunua robo ya sukari, nenda kwake jioni akiwa amekaa, usiseme chochote juu ya sare. Msifie nywele. Muulize nani kamsuka, na kama huyo msusi ana nafasi Jumamosi. Akikuwekea uji, kunywa mpaka chini. Kisha niandikie. Ulichompelekea nimeshakijua, nataka kusikia alikukaribisha nini.